Katuni za Ngono: Ni Ponografia au Ni Michoro Tu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Swali hili huulizwa na watu wa kila namna. Kuna mzazi aliyeshika simu ya mwanawe na kukuta asichokitarajia. Kuna mume anayejitetea kwamba hizi ni katuni tu, mke wangu. Kuna mchoraji aliyepewa kazi na mteja, hajui aipokee au airudishe. Na kuna yule anayeuliza kwa niaba ya rafiki yake, rafiki ambaye hatumjui na hatutamjua.

Jibu langu ni ndiyo, mara nyingi ni ponografia. Lakini ndiyo hiyo haimalizi maneno, kwa sababu watu huyafunga maswali mawili katika kitita kimoja: hii ni picha ya aina gani, na je, kuna mtu aliyeumia? La kwanza hujibiwa kwa kuitazama picha. La pili hujibiwa kwa kuwatazama watu. Ukiyachanganya, utaishia ama kusema mchoro hauna neno kwa kuwa hakuna aliyeumia, ama kusema mchoraji wa vikaragosi ni sawa na anayewauza binadamu. Yote mawili si kweli.

Mhusika mwenyewe hayupo duniani. Picha ya asiyekuwepo inakuwaje ponografia?

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyojitetea wengi hata wasipoitaja methali yenyewe. Hakuna aliyevuliwa nguo, hakuna aliyelala na mtu, basi hakuna kitu. Hoja hii inadhani kwamba neno ponografia linamhusu aliyemo ndani ya picha. Sivyo. Neno limetoka kwenye Kigiriki: pornē ni kahaba, na graphein ni kuandika au kuchora. Ni neno la kalamu. Kamera imekuja juzi tu, katika karne ya 19.

Kiswahili nacho kimetusaidia hapa bila sisi kujua. Tunapiga picha, na tunachora picha. Tukisema "picha chafu" hatuulizi kwanza kama ilitoka kwenye lenzi au kwenye penseli. Tena fikiria hadithi ya ngono iliyoandikwa kwa maneno matupu, isiyo na mchoro hata mmoja. Watu huiita ponografia bila kigugumizi, ingawa wahusika wake wote wametoka kichwani mwa mwandishi. Kama maneno peke yake yanatosha, mchoro wenye rangi, kivuli na jasho la kuchorwa utaponaje?

Kinachoifanya picha iwe ponografia ni kazi iliyotengenezwa kuifanya, yaani kumwamsha ashiki anayeitazama. Mwili wa kweli si sharti.

Kwa hiyo kila mchoro wa mtu aliye uchi ni ponografia?

Hapana. Uchi ni hali ya mwili, ponografia ni matumizi yake. Kitabu cha baiolojia kina mchoro wa viungo vya uzazi na hakuna anayekificha. Bango la kliniki linaonyesha jinsi ya kuvaa kondomu. Michelangelo alichonga na kupaka watu uchi, na baadhi yao wako juu ya dari ya kanisa la Sistine. Mtoto mchanga anayeoga kwenye katuni ya familia si habari.

Mimi hutazama mkazo. Mchoro unamwelekeza mtazamaji wapi? Mchoraji ameacha nini, na amekuza nini? Mhusika ambaye kwenye hadithi yake ya asili ana kazi, hasira, ndugu na maadui, hapa amebaki kiuno na kifua tu, na mkao usio na sababu yoyote katika hadithi. Kinyume chake, mhusika anaweza kuwa na nguo zake zote mwilini na bado picha ikawa ya ngono tupu. Nguo si kipimo cha kutegemea.

Kuna eneo la katikati, sikatai. Shujaa wa kike mwenye vazi la kubana kupita kiasi, au mchezo wa kompyuta ambao wanawake wote wamechorwa kana kwamba hawana mgongo. Huo ni uchoraji wa kuchochea, na unastahili kulaumiwa kwa jina lake, lakini kuuita ponografia ni kulipunguzia neno uzito.

Mambo haya yameletwa na intaneti, au yalikuwepo?

Yalikuwepo, na yamewahi kumfunga mtu. Mwaka 1524 huko Roma, Marcantonio Raimondi alichapa mfululizo wa michoro 16 ya mikao ya ngono iliyobuniwa na Giulio Romano. Papa Clement VII akaamuru nakala ziharibiwe na Raimondi akatiwa gerezani. Romano, aliyebuni michoro yenyewe, hakufungwa. Aliyeadhibiwa ni aliyeisambaza, na utaona hapo chini kwamba hata sheria za leo mara nyingi hukasirikia usambazaji kuliko kuchora.

Japani ilikuwa na shunga, michoro ya ngono iliyochapwa kwa mbao. Serikali iliipiga marufuku mwaka 1722, na marufuku ikashindwa. Wachoraji wakubwa kama Hokusai waliendelea kuichora. Leo makumbusho ya heshima huionyesha. British Museum ilifanya maonyesho makubwa ya shunga mwaka 2013. Je, kuingia makumbusho kumeifanya isiwe ponografia? Nadhani imekuwa vyote viwili. Kitu kinaweza kuwa sanaa nzuri na bado kikawa kilitengenezwa kwa ajili ya chumbani.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Marekani. Kuanzia miaka ya 1920 palikuwa na vijitabu vidogo vya kurasa nane, vinaingia mfukoni, vikiuzwa kwa siri, baadaye vikaitwa Tijuana bibles. Ndani yake wahusika wa katuni za magazetini, wale ambao watoto waliwasoma asubuhi, walichorwa wakifanya ngono. Popeye alikuwemo. Kwa hiyo anayesema kizazi cha simu ndicho kilichowaharibu vikaragosi, ajue babu zake walimtangulia, tena kwa kuchapa kwa wino na kuuziana kwa kunong'ona.

Si katuni ni za watoto?

Hii ni imani tu, haijawahi kuwa sheria. Betty Boop, aliyeanza kuonekana mwaka 1930, alichorwa kwa watu wazima wa majumba ya sinema: sketi fupi, kamba ya soksi pajani, jicho la kukonyeza. Kanuni za maadili za sinema zilipoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, sketi yake ikashuka na kamba ikaondoka. Ona hapo: mwanamke wa wino alivalishwa nguo kwa amri. Kama mchoro haukuwa na nguvu ya ngono, wakaguzi walikuwa wanaogopa nini?

Mwaka 1972 filamu Fritz the Cat ikawa katuni ya kwanza kupewa daraja la X huko Marekani. Mhusika mkuu ni paka. Si mtu, si hai, tena ana mkia, na bado hakuna aliyeshangaa kwamba watoto hawakuruhusiwa kuingia.

Sheria inasemaje?

Sheria nyingi hazitumii neno ponografia kama kipimo. Zinatumia maneno kama "uchafu" au "machapisho machafu", na ndani yake michoro imetajwa waziwazi. Uingereza ilianza na kesi ya Hicklin ya mwaka 1868, iliyouliza kama kitu kina mwelekeo wa kupotosha na kuharibu watu ambao akili zao ni rahisi kuathiriwa. Waingereza wakakibeba kipimo hicho hadi kwenye makoloni yao. Ndiyo maana kifungu cha 181 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya na cha 175 cha Tanzania vinaorodhesha maandishi, michoro, chapa na picha za rangi pamoja na picha za kamera. Mchoro haukuachwa nje.

Marekani ina kipimo cha hatua tatu kutoka kesi ya Miller dhidi ya California, 1973: je, mtu wa kawaida, kwa viwango vya jamii yake, ataona kazi nzima inalenga tamaa chafu; je, inaonyesha ngono kwa namna ya kuchukiza iliyoainishwa na sheria; na je, haina thamani ya maana ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi? Ni lazima yote matatu yatimie. Miaka tisa kabla yake, Jaji Potter Stewart wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo alikiri kwamba hawezi kuifafanua ponografia ya wazi, lakini akiiona anaijua. Watu humcheka kwa hilo. Mimi naona alisema ukweli ambao wenzake waliuficha ndani ya vifungu.

Japani ndiyo nchi inayodhaniwa kuruhusu kila kitu, na sivyo. Kifungu cha 175 cha sheria yake ya jinai, ya mwaka 1907, kinakataza usambazaji wa vitu vichafu, na ndiyo sababu sehemu za siri hufunikwa kwa viraba hata kwenye michoro. Mchapishaji mmoja wa manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, alishtakiwa kwa sababu viraba vyake vilikuwa hafifu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 2007, na hatia ikabaki pamoja na faini ya yeni 1,500,000. Wahusika wote walikuwa wa kubuni.

Nikiwa nazo nyumbani kwangu, bila kumwonyesha mtu?

Inategemea uko wapi na picha ni za nini. Marekani, kesi ya Stanley dhidi ya Georgia ya 1969 iliamua kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kumiliki tu vitu vichafu nyumbani kwake. Nchi nyingine hazina ukuta huo. Na mara nyingi "sikumwonyesha mtu" si kweli kama inavyosikika. Kupakua kutoka mtandaoni ni kupokea, kutuma kwenye kundi la marafiki watano ni kusambaza, na kuvuka mpaka na kompyuta iliyojaa ni kuingiza nchini.

Mhusika ni mtoto, au anafanana na mtoto. Hapo ni vilevile?

Hapana, na hapa ndipo naomba usisome kwa haraka. Katika michoro ya watu wazima, sheria nyingi zinabishana kuhusu staha. Katika michoro ya watoto zinazungumzia jinai nzito, na utetezi wa "hayupo" umefutwa moja kwa moja katika nchi kadhaa.

Australia ilitoa mfano ambao haujasahaulika. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya New South Wales ilipokea rufaa ya mtu aliyekutwa na michoro ya ngono ya watoto wa kwenye katuni The Simpsons. Alisema hao si watu: wana vidole vinne, ngozi ya njano, na sura ambayo hakuna binadamu anayo. Jaji Michael Adams alikubali kwamba wametofautiana sana na binadamu, kisha akasema bado ni uwakilishi wa mtu kwa maana ya sheria. Hatia ikabaki, na faini ya dola 3,000 za Australia.

Uingereza iliandika sheria mahususi mwaka 2009, ikaanza kutumika Aprili 2010: kumiliki picha iliyokatazwa ya mtoto ambayo si ya kamera ni kosa, kifungo hadi miaka mitatu. Marekani ilipita njia ya kuzunguka. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria iliyokataza picha za watoto zisizo na mtoto halisi. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria nyingine, safari hii ikilenga michoro, katuni, sanamu na picha za rangi zilizo chafu, na ikatamka kwamba si lazima mtoto anayeonyeshwa awe yupo kweli. Mkusanyaji mmoja wa manga katika jimbo la Iowa alikiri kosa chini yake mwaka 2009 na akahukumiwa miezi sita gerezani. Kanada nayo inahesabu michoro, ingawa Mahakama yake ya Juu, mwaka 2001, iliacha mwanya kwa mtu aliyejitengenezea kitu mwenyewe na kukiweka kwa matumizi yake peke yake.

Upande wa pili kuna Sweden. Mfasiri wa manga alihukumiwa na mahakama mbili kwa michoro iliyokuwa kwenye kompyuta yake, kisha Mahakama ya Juu ikamwachia huru Juni 2012, ikisema wahusika ni wa kufikirika na hawawezi kudhaniwa kuwa watoto wa kweli. Na Japani ilipokataza umiliki wa picha za ngono za watoto mwaka 2014, iliacha manga na katuni nje.

Kimataifa upepo unaelekea kwenye ukali. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inazungumzia uwakilishi wa mtoto kwa njia yoyote ile. Mwongozo wa Kamati ya Haki za Mtoto wa mwaka 2019 ukazihimiza nchi ziingize hata picha za watoto wasiokuwepo, hasa zinapotumika katika mchakato wa kuwanyanyasa watoto waliopo. Sababu yake ni ya kutisha lakini ni rahisi kuielewa: mchoro wa katuni anayoipenda mtoto hutumika kumlainisha, kumwambia kwamba hata huyu unayemfahamu hufanya hivi. Hapo swali la pili, la nani ameumia, limerudi mlangoni likiwa na jina la mtoto halisi.

Msimamo wangu katika jambo hili sina haja ya kuuzungusha. Usichore, usitafute, usihifadhi, usitume.

Lakini kwenye hadithi ameandikwa kuwa na miaka 500.

Sheria haisomi hadithi, inatazama picha. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, inauliza taswira inayojengeka kwa jumla ni ya mtoto au la, hata kama baadhi ya sehemu za mwili zimechorwa za mtu mzima. Kuandika umri chini ya mchoro ni sawa na kuandika "maji" kwenye chupa ya mafuta ya taa.

Kwa nini mchoro unasisimua wakati akili inajua si mtu?

Mwili hauombi cheti cha kuzaliwa. Niko Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliwachunguza makinda wa shakwe, ndege wa pwani. Kinda hudonoa doa jekundu kwenye mdomo wa mzazi ili alishwe. Tinbergen akawapa kijiti chembamba chekundu chenye mistari myeupe, kisichofanana na ndege yeyote, na wakakidonoa zaidi kuliko kichwa cha mfano kilichofanana na mzazi. Kilichokuzwa kiliushinda uhalisia.

Mchoraji wa katuni anafanya kazi hiyohiyo. Anakuza jicho, anakaza kiuno, anaondoa kila kinachochosha: chunusi, uchovu, kauli ya "leo sitaki". Ndiyo maana wapo wanaosema katuni huwavuta kuliko video za watu. Hawajarukwa na akili. Wameonyeshwa kijiti chekundu.

Basi si afadhali katuni kuliko video za watu halisi?

Kwa upande wa aliye ndani ya picha, ni afadhali, na wanaokataa hili hawaisaidii hoja yao. Mchoro hauna mwigizaji aliyelazimishwa, aliyelaghaiwa mkataba, au ambaye video yake itamfuata hadi uzeeni. Hilo ni jambo kubwa na silipunguzi.

Kwa upande wa mtazamaji, unafuu hauonekani sana. Shirika la Afya Duniani limeiweka tabia ya ngono isiyodhibitika katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Maelezo yake yanatazama kama mtu ameshindwa kujizuia kwa muda mrefu, na kama kazi, afya na watu wake wanaathirika. Kinachotazamwa kilichorwa au kilipigwa picha, hayo hayamo. Anayekesha hadi saa tisa usiku amekesha.

"Hentai" na "ecchi" ni kitu kimoja?

Wapenzi wa katuni za Kijapani watakujibu kwa ukali kwamba si kitu kimoja. Nje ya Japani, hentai huitwa ile inayoonyesha ngono yenyewe, na ecchi ni ile ya kuchokoza, sketi kupepea na mambo ya namna hiyo. Kichekesho ni kwamba Wajapani wenyewe neno hentai hulitumia kwa maana ya upotovu au mtu mpotovu, na ecchi ni matamshi yao ya herufi H, inayoaminika kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya hentai. Kwa mzazi, tofauti ya maana ni hii: ya kwanza ni ponografia, ya pili ni lile eneo la katikati nililolitaja.

Mitandao ya kijamii inazichukuliaje?

Kila mmoja na sheria zake, na hubadilika. Mfano unaoonyesha ugumu wenyewe ni Tumblr. Desemba 2018 ilipiga marufuku maudhui ya watu wazima. Kwa sehemu za siri na chuchu, katazo liliwahusu watu halisi. Kwa tendo la ngono, lilihusu kila kitu, michoro ikiwemo. Kwa maneno mengine, mchoro wa mtu uchi ulipona na mchoro wa tendo haukupona. Waandishi wa kanuni za kampuni, bila kutaka falsafa, walifika palepale tulipofika sisi: uchi na ngono ni mambo mawili.

Ni dhambi?

Mimi si shehe wala padri. Ila naona maandiko yenyewe hayamzungumzii sana anayetazamwa. Qurani, sura An-Nur aya ya 30, inawaamuru waumini wainamishe macho yao. Injili ya Mathayo 5:28 inasema juu ya anayemtazama mwanamke kwa kumtamani. Wabishi watasema mwanamke wa katuni si mwanamke. Sijui kama wanaamini wanachosema.

Mume wangu anatazama katuni hizi. Ni usaliti?

Si uzinzi, hajalala na mtu. Lakini kama mlikubaliana ponografia isiwemo katika ndoa, basi amevunja makubaliano, na "ni katuni" ni ujanja wa maneno. Dalili nzuri ni siri. Asingekuwa anafunika simu kama angekuwa anatazama sungura anayekimbizwa na mwindaji.

Mimi ni mchoraji. Mteja anataka mhusika maarufu achorwe akiwa uchi. Nifanye nini?

Kama mhusika ni mtoto au ana sura ya kitoto, kataa na usiendelee na mazungumzo. Hilo halina bei.

Kama ni mtu mzima, bado kuna hatimiliki. Mhusika ni mali ya mtu. Mwaka 1971 kikundi cha wachoraji wa Marekani, wakiongozwa na Dan O'Neill, walimchora Mickey Mouse katika vitabu vyao wakimpa ngono na dawa za kulevya. Disney ikawashtaki. Walijitetea kwamba ni dhihaka, na mahakama ya rufaa mwaka 1978 ikawaona wamenakili kuliko dhihaka inavyohitaji. Wachoraji wengi wa mtandaoni hawashtakiwi kwa sababu tu wenye mali hawajaamua kuwafuata, na hiyo si ruhusa. Tena ukilipwa kwa kuchora, ushahidi wa malipo upo, na jina lako liko kwenye kazi. Jiulize pia kama utakuwa tayari kuionyesha kazi hiyo kwa mteja wa vitabu vya watoto atakayekuja mwakani.

Nikimchora mtu ninayemfahamu kwa mtindo wa katuni?

Huyo si wa kubuni tena. Umemchukua binadamu ukamvalisha wino. Kama watu wanamtambua, amedhalilishwa, na mtindo wa mchoro haupunguzi kitu. Hapa maswali yetu mawili yamekuwa moja.

Na picha zinazotengenezwa na akili mnemba?

Zimeuvuruga mpaka wote. Zamani mchoro ulionekana kuwa mchoro. Leo programu inaweza kukupa katuni, au picha inayofanana na ya kamera, au kitu kati ya hizo, kwa sentensi moja. Tena programu hizo zimefunzwa kwa picha nyingi mno zilizokusanywa, zikiwemo za watu waliopo, hivyo kauli ya "hakuna mtu humu" imekuwa ngumu kuiapia. Sheria za baadhi ya nchi zilikuwa na mlango wa kuanzia. Uingereza, tangu 1994, inaichukulia picha ya mtoto iliyotengenezwa kwa kompyuta lakini inayoonekana kama ya kamera sawasawa na picha halisi. Kigezo ni jicho linaona nini. Chombo kilichotumika hakiulizwi.

Nimezikuta kwenye simu ya mwanangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua alifikaje hapo. Wengi hawakutafuta, waliandika jina la katuni waipendayo, na matokeo yakawaletea toleo ambalo mwenye katuni hakulichora. Kwa hiyo swali la kwanza liwe "hii uliionaje?" na si "umefanya nini?". Ukianza na kofi, kesho atafuta historia ya simu kabla hujaingia mlangoni.

Muulize kama kuna mtu aliyemtumia. Hili ndilo swali zito kuliko yote, na liulizwe kwa sauti ya kawaida. Mwenzake wa darasani aliyecheka na kusambaza ni jambo moja. Mtu mzima asiyemjua, anayemtumia katuni za ngono na kumwambia isijulikane, ni jambo la kuripoti. Ikiwa ni hivyo, usiyafute mazungumzo, usimjibu huyo mtu ukijifanya mtoto, na picha zenyewe usizitume kwa ndugu kuomba ushauri, kwa sababu ukizituma wewe nawe umesambaza. Iache simu kama ilivyo, uipeleke polisi au kwa wanaoshughulikia ulinzi wa watoto mahali ulipo.

Ukishajua hakuna mtu nyuma yake, mwambie hii inaitwa ponografia, kwamba imechorwa na watu wazima kwa ajili ya watu wazima, na kwamba mhusika anayempenda hakufanya hayo kwenye hadithi yake. Sehemu hiyo ya mwisho watoto huishika haraka. Kisha washa kichujio cha matokeo ya utafutaji kwenye simu, na ufanye hivyo akiwa amekaa pembeni yako anaona.